Mboga Iliyoonjwa

Juzi nimegombana na binti muuza mboga sokoni Mbinga, na sijutii hata kidogo. Alikuwa amepanga mafungu ya chainizi mbele yake, yamesimama wima, yanang'aa, hakuna jani lenye doa. Chini, karibu na miguu yake, kulikuwa na lundo la majani aliyoyachambua na kuyatenga kwa sababu wadudu walishayatoboa. Nikainama nikaanza kuchagua kwenye lile lundo la chini. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nyumbani nafuga sungura. Nikamwambia sungura mwenyewe ndiye mimi. Akacheka, na wenzake wakacheka, na mmoja wao akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kweli maisha yamekuwa magumu, hata mama mwenye pochi nzuri anaokota mboga za chini.

Hapo ulimi ukaniponyoka. Nikachukua fungu moja la yale yanayong'aa, nikalisogeza puani, nikamwuliza yule binti kama yeye nyumbani kwake anapika hayo. Akaangalia pembeni. Sikuwa na haja ya jibu, maana harufu ilishanijibu. Ni harufu kali inayokwaruza nyuma ya koo, mfano wa mafuta ya taa yaliyomwagikia kitunguu saumu kilichooza. Ukiosha mboga inapungua, ukiipika inajificha, lakini anayeijua anaijua. Mimi nimeijua tangu nina miaka tisa, kwenye mteremko wa Bibi yangu, na nusura nimwue nayo mama yangu mzazi.

Basi nasema leo, na nawasemea hasa wenzangu wa rika langu, tuliokuzwa kwa dona na maharage na usipa, wale dagaa wa ziwani, na sasa tunaona haya kuwawekea wageni mezani. Atakayechukia achukie. Nimeshachekwa sokoni, nimechekwa harusini, nimechekwa na ndugu zangu wa tumbo moja, na bado naokota mboga za chini.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na shamba lake la ngoro upande wa Mpepai. Kwa aliyekulia kwingine, ngoro ni kazi ya watu wawili. Wanaume wanafyeka majani yaliyoota shambani wakati limepumzika, wanayalaza kwa mirabamiraba mlima mzima. Wanawake wanafuata na majembe, wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia yale majani, hivyo linabaki shimo katikati na tuta pande zote nne. Juu ya tuta unapanda maharage, na pembeni unaachia maboga yatambae. Mvua ikija inatulia mashimoni, haipati nafasi ya kukimbia na udongo wako bondeni, na yale majani yanaoza taratibu chini ya mizizi. Ukisimama ng'ambo ya bonde unaona mlima umekuwa kama sega la nyuki.

Mimi sikuona sega wala nini. Niliona umaskini. Niliamini Bibi anazika majani kwa sababu hana fedha ya mbolea, na kwamba anafanya haraka kuyafunika ili watu wasimwone. Siku moja nilimwuliza kwa nini asimwombe Baba Mdogo mfuko mmoja tu wa mbolea ya dukani. Akaendelea kuchimba hata akafika mwisho wa tuta, ndipo akasema udongo wake unakula majani kama ng'ombe, na ng'ombe anayekula majani hajawahi kumdai hela. Sikumwelewa, nikajua tu kwamba ananikwepa.

Na Bibi alikuwa na tabia nyingine iliyonitia aibu kuliko hiyo. Mgeni akiingia nyumbani, awe katekista au mpita njia, Bibi alimimina togwa au pombe kwenye kikombe, halafu yeye mwenyewe akanywa funda zima mbele ya macho ya mgeni, ndipo akamkabidhi. Chakula nacho vivyo hivyo, tonge la kwanza lake. Nilimwona mroho. Niliona Bibi yangu hawezi kuvumilia kinywaji kimpite bila kukigusa, hata kama ni cha mgeni, na shuleni niliwahi kusema hivyo kwa wenzangu tukacheka. Nyumbani hakuna aliyenieleza. Mambo ya namna hiyo watoto wa zamani hatukuelezwa, tuliachiwa tuyaone wenyewe.

Mwaka huo wa miaka yangu tisa Mama alijifungua mdogo wangu Skolastika, na damu ikamtoka nyingi mno. Baba alikuwa anafundisha Liparamba, anakuja kwa nadra, kwa hiyo Mama alihamia kwa Bibi kulelewa uzazi, nami pamoja naye. Mama ni mtu wa ziwani, mzaliwa wa Ngumbo, na alikuwa na rangi nzuri ya kung'aa. Siku zile viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Akisimama alishika ukuta. Nesi wa zahanati alimpa vidonge, akamwambia ale mboga za majani, maharage na samaki kila siku ya Mungu. Halafu alimvuta Bibi pembeni, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Alimwambia damu ikishuka tena itabidi Mama akaongezewe hospitalini, na mvua hizi hakuna gari litakalopanda huku. Kama hali ni hiyo, alisema nesi, mama huyu atatuponyoka.

Neno hilo lilinikaa kifuani. Kila asubuhi kabla sijanawa uso nilikuwa naenda kugeuza kiganja cha Mama kuangalia kama kimepata rangi.

Bibi alichukua maneno ya nesi kama amri ya kanisa. Asubuhi uji wa dona wenye karanga za kutwanga. Mchana na jioni ugali wa dona, maharage, na bakuli la majani ya maboga au majani ya maharage machanga, na usipa mkavu ambao wajomba walikuwa wakituletea kwa malori yanayotoka Mbamba Bay. Kila siku hivyo hivyo. Upande wa pili alikuwepo Baba Mdogo Kanisius, kitinda mimba wa Bibi, mwenye kahawa nyingi kuliko wote pale kijijini na moyo mpana kuliko kahawa yake. Sitamsingizia, alimpenda shemeji yake. Alikuwa anarudi kutoka mjini na mkate mweupe, biskuti, na soda nyekundu chupa mbilimbili, maana watu wote walijua kwamba soda nyekundu inaongeza damu. Ukitazama rangi yake utabisha nini? Mimi niliamini kwa roho yangu yote. Bibi alizipokea zile soda, akamshukuru, akaziweka uvunguni, na jioni akawagawia watoto wa jirani. Baba Mdogo aligomba. Alisema mama yake anamkazia mgonjwa chakula cha kijima wakati dunia imeendelea. Bibi alimjibu kwamba damu haina undugu na rangi, ingekuwa hivyo angempikia mkwe wake matofali.

Nilikuwa upande wa Baba Mdogo, nakiri. Nilitaka soda, na nilitaka Mama apone, na katika akili yangu vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja.

Kilichonimaliza kabisa ni maneno ya kisimani. Jirani mmoja, mwanamke mwenye mdomo, aliniona nimebeba mboga kwenye ungo. Akachukua jani moja, akalinyanyua, akawaonyesha wenzake matundu. Akasema maskini mkwe wa watu, ametoka ziwani kwenye samaki wakubwa, huku milimani analishwa masalia ya wadudu. Walicheka hata ndoo zikatikisika vichwani. Nilirudi nyumbani nimeinamisha shingo, nikaketi nyuma ya jiko, nikayatazama yale majani moja moja. Kweli yalikuwa na matundu. Hakuna hata moja lililosalimika.

Hapo nikajijengea elimu yangu mwenyewe. Nilisema: kama nesi amesema nguvu iko kwenye majani, na wadudu wameyala majani kabla ya Mama, basi wao ndio waliokula nguvu. Palipo na tundu ndipo palipokuwa na damu. Mama anapewa kingo tu. Ndiyo maana kiganja chake hakibadiliki. Jambo hilo lilikuwa wazi mno kwangu, nikamshangaa Bibi mtu mzima asilione, na nikamchukia kidogo.

Jumamosi yake Baba Mdogo alipuliza dawa kwenye kahawa. Alifunga shati puani, akabeba bomba mgongoni, nami nikakaa mbali kama nilivyoamriwa nikitazama. Majani ya kahawa yalilowa yakang'aa, na wadudu wakadondoka mmoja mmoja kama chembe za mchele. Hakuna aliyerudi juu. Alipomaliza safu za chini alikwenda kupumzika, akaacha ndoo nyuma ya banda la kahawa, na ndani ya ndoo kulikuwa na maji yenye weupe wa maziwa, yamebaki kiasi cha kujaza kopo.

Nilijaza kopo. Nikafunga kishada cha majani, nikashuka kwenye ngoro za Bibi zilizo karibu na nyumba, zile zenye mboga nyingi alizokuwa akichuma kwa ajili ya Mama. Nikachovya nikanyunyiza, nikachovya nikanyunyiza, kama Padri anavyonyunyiza maji ya baraka Jumapili ya Matawi. Hata maneno nilisema. Nilipita mashimo kama ishirini. Viwavi walijikunja wakaanguka, nami nilikuwa nahesabu kwa furaha, huyu alikula damu ya Mama, na huyu, na huyu. Vidole vilianza kuwasha na mdomoni nikasikia ladha ya chuma. Nikajifuta kwenye gauni. Sijawahi kujiona mwema kama siku ile.

Alasiri nilijitolea mwenyewe kuchuma mboga. Bibi alishangaa, maana kwa kawaida ilimbidi anisukume kwa fimbo ndipo niende. Nikachagua yaliyo safi kabisa, machanga ambayo wadudu walikuwa hawajayafikia, nikayaosha mara moja juujuu. Bibi siku hiyo alikuwa na mafua makali na macho yanamtoka machozi kwa moshi. Aliyapokea, akayakatakata, akayapika na karanga. Nilikaa mlangoni nikisubiri kuona kiganja cha Mama kikigeuka chekundu palepale.

Jua lilikuwa bado halijazama tulipokaa kula. Mkeka, sinia la ugali, bakuli la mboga katikati. Baba Mdogo aliingia moja kwa moja kutoka shambani, akasimama mlangoni akisema kichwa kinamwuma. Skola alikuwa analia. Mama akamnyanyua akamnyooshea, akamwomba amshike kidogo ili yeye apate kula kwa mikono miwili.

Baba Mdogo alirudi nyuma hatua mbili.

"Usinipe mtoto, shemeji," alisema. "Sijaoga. Hili shati lina dawa. Ikimgusa ngozi tu huyo, tumempoteza."

Nakumbuka kila kitu cha dakika ile. Nakumbuka nzi kwenye ukingo wa sinia. Nakumbuka Mama akimrudisha Skola kifuani na kumpa ziwa. Na nakumbuka mkono wa Bibi ukimega tonge la kwanza kama kawaida yake, ukalichovya kwenye mboga, ukaanza kupanda kwenda mdomoni, na mkono wa Mama ukinyooka nyuma yake kwenda kwenye sinia. Ngozi tu. Alisema ngozi tu, na mimi nilikuwa nimeiweka kwenye bakuli.

Nilirusha mguu. Bakuli liliruka likapinduka majivuni, mboga ikasambaa mpaka kwenye nguo ya Mama. Nyumbani kwetu mtoto anayemwaga chakula cha mgonjwa hana jina. Bibi aliinua mwiko, na ungenipata, lakini nilikuwa nimeshamshika mkono wake wenye tonge kwa mikono yangu miwili, nimeung'ang'ania.

"Nimeyanyunyizia," nikamwambia. "Ya Baba Mdogo. Ya kwenye ndoo."

Baba Mdogo alikuwa mweusi, akawa wa kijivu. Alinibeba nje, akanivua gauni, akaniosha kwa sabuni ya kufulia mara tatu, kichwa mpaka miguu. Niliporudi ndani Mama alikuwa anaulizauliza, "Nilionja? Mama, nilionja?" na Bibi anamjibu hapana, hukuonja, mwanangu, hukuonja. Bibi mwenyewe alikuwa bado ameshika lile tonge. Aliliangalia muda mrefu. Kisha akalitupa motoni, akanawa, akapika ugali mwingine, tukala na chumvi. Nililia mpaka nikapata kwikwi, na Mama alinikumbatia kwa mkono mmoja, Skola kwa mwingine, bila kunisema. Afadhali angenichapa.

Asubuhi nilijua zamu ya viboko imefika. Bibi alinipa jembe. Tukashuka kwenye zile ngoro ishirini, tukaanza kung'oa. Maharage yenye maua, maboga yaliyoanza kufunga, kila kitu, mizizi na majani, tukavichimbia mbali ambako mbuzi hawafiki. Ile ilikuwa mboga ya Mama ya miezi miwili na mbegu ya Bibi ya mwaka unaofuata. Mgongo wake ulikuwa unalia, nami nilisikia.

Baba Mdogo alikuja akasimama juu ya tuta. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayeomba radhi na kutoa ushauri kwa pamoja. Alisema hakuna haja ya kuharibu mali. Mvua mbili tatu zitasafisha. Na kama mama yake ana wasiwasi, basi mboga hizi zipelekwe sokoni Mbinga, watu wa mjini wanazipenda zikiwa safi namna hii, zitanunuliwa haraka, na kwa hela hiyo atamnunulia mgonjwa chakula kingine. Hakuwa mtu mbaya. Hivyo ndivyo watu walivyokuwa wakifanya, na wanavyofanya mpaka leo.

Bibi aliuegemea mpini wa jembe.

"Kanisius," alimwambia, "jana uliogopa kumshika mtoto kwa ajili ya shati. Leo unataka nikamlishe nani? Nisichompa mkwe wangu, simpi mkwe wa mwenzangu."

Baba Mdogo alishuka tutani. Aliondoka, na wiki nzima hakuja kula kwetu. Alipokuja alikuwa amejenga kibanda chenye kufuli kwa ajili ya madawa yake, na kahawa yake aliendelea kuipulizia, maana kahawa ni kahawa. Lakini soda hakuleta tena. Alileta karanga.

Zikaja wiki za kubana. Ngoro za juu zilikuwa bado changa, na Bibi alikataa kuchuma hata jani moja katika mashimo yanayopakana na yale tuliyong'oa. Majirani walimwona amechanganyikiwa. Yule wa kisimani alisema mama mkwe anamwua mkwe wake kwa ukaidi. Bibi alimsikia, akampita na ndoo yake. Alizunguka kwenye mashamba yaliyolala akichuma mnavu na mchicha wa porini, na mimi adhabu yangu ilikuwa kuvuka bonde kila alfajiri kwa dada yake Bibi, kuchukua mboga, na kurudi nayo kabla ya kengele ya shule. Umande ulinilowesha mpaka kiunoni. Sikulalamika hata siku moja, na hiyo si kawaida yangu. Kila nikirudi nilikuwa nageuza kiganja cha Mama.

Katika zile ngoro tulizong'oa Bibi alifyeka majani mapya, akayafukia upya, akapanda maboga. Yakaota. Yakatambaa, mabichi, laini, mazima kabisa. Nilimwambia Bibi tayari tuchume. Akasema bado. Nikamwuliza tunangoja nini, akasema tunangoja wenyewe warudi. Basi akanipa kazi ya kukagua. Sidhani kama Mbinga nzima palikuwa na mtoto mwingine aliyepiga magoti kanisani akimwomba Mungu alete viwavi. Mimi niliomba. Niliomba rozari nzima.

Na siku moja asubuhi nikaliona. Jani moja, karibu na kikonyo, lina tundu dogo la mviringo, kingo zake bado mbichi, na pembeni yake kiwavi mwenyewe ametulia ameshiba. Nilipiga kelele kama nimeona dhahabu. Bibi alikuja polepole, akachuchumaa, akapitisha ncha ya kidole chake kidogo kwenye lile tundu. Kisha akamwita Mama, na Mama akatoka nje akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja tu.

"Mkwe wangu, njoo ule," Bibi alisema. "Wenyeji wameshaonja."

Hapo, na mimi nimechuchumaa pale na magoti yana udongo, ndipo nilipoona tena akilini kikombe cha togwa na lile funda la kwanza, na katekista akikipokea kwa mikono miwili baada ya Bibi kumeza. Hakuwa mroho. Alikuwa anamwambia mgeni, kama kuna kitu humu kitaniua mimi kwanza. Na lile tonge la jioni ile lilikuwa linakwenda mdomoni kwake kwa sababu hiyo hiyo. Niliona aibu, aibu ya kweli sasa, si ile ya kisimani.

Mama alikula. Alikula siku hiyo na zilizofuata, na siku ya kliniki nesi alimvuta kope ya chini, akaangalia, akamwita mwenzake aje aone. Kulikuwa na rangi. Nesi alimwuliza Bibi amempa nini, Bibi akajibu ugali na majani. Nesi akangoja aendelee, lakini Bibi alikuwa amemaliza.

Bibi ametangulia siku nyingi. Shamba lake ninalo mimi, na msimu kwa msimu wanakuja vijana kunieleza kwamba ngoro zinachosha na zinachelewesha, kwamba ningesawazisha na kuweka mbolea ningepata mara mbili. Nawakaribisha togwa. Naonja kwanza. Wakiondoka nashika jembe. Naambiwa pia kwamba vyakula hivi vya asili siku hizi vinauzwa bei kali kwenye maduka ya wakubwa, dona ile ile tuliyoionea haya, kwenye mifuko yenye picha. Wauze tu. Mimi sikufundishwa na mfuko.

Sasa nirudi juzi. Nilitoka sokoni na majani yangu ya chini, nikafika nyumbani nikamkuta Skola amekuja kutoka Songea kumsalimia Mama, anayekaa nami. Skola ni mtu mzima sasa, ana kazi nzuri, ananukia vizuri, na alikuwa amemletea Mama katoni ya juisi nyekundu. Akatazama ungo wangu. Akanitazama mimi.

"Dada," alisema, "mshahara wote huo, na bado unamlisha Mama masalia ya wadudu?"

Maneno yale yale. Hakuyasikia kisimani, hakuwa na meno wakati ule, na hakuna aliyewahi kumsimulia, kwa sababu nyumbani waliamua kunisitiri. Nilifungua mdomo nimpe yake, na nilikuwa nayo ya kutosha. Mama akanitangulia. Alichukua jani kwenye ungo, akalinyanyua kuelekea dirishani, akamtazama mwanawe kupitia tundu.

"Wakati ule nilikuwa nakunyonyesha wewe," alimwambia. "Ningekula yale masafi, wewe ndiye ungeyanywa."

Skola akanigeukia mimi, akangoja, na nikamwambia yote, kopo, kishada cha majani, bakuli, kila kitu, huku napika. Alikuwa ameketi juu ya katoni yake ya juisi. Sikumbembeleza. Nikasonga dona, nikapakua mboga na usipa, nikatandika mkeka. Mama akanawa. Skola akanawa, mikono yake akaiacha magotini, anatazama bakuli.

Nikamega tonge la kwanza, nikalichovya, nikala mbele yao wote wawili. Ndipo nikamsogezea Skola bakuli.